Alama ya Pasi

Kufikia Alhamisi vidole vyangu vilikuwa vimekataa kujikunja. Siku nne nilikuwa nimeinamia meza moja na viti vyake sita, na bado vanishi ilikuwa haijaisha. Nikidhani nimefika kwenye mbao, nakutana na tabaka nyingine, nyeusi kuliko ya juu yake. Kuna watu ambao Krismasi ikikaribia hununua kopo la vanishi nyeusi na kuipaka juu ya ile ya mwaka uliopita, bila hata kupiga msasa, ili wageni wakute nyumba inang'aa. Wanadhani wanaitunza meza. Mwenye meza hii alikuwa ameitunza hivyo miaka thelathini na kitu.

Hiyo ndiyo kazi yangu, kuvua fanicha kuukuu nguo ambazo watu wameivalisha. Nina kibanda cha mabati kwetu Meru, pale Nkubu, kando ya barabara ya Embu. Ukipita utaniona nimevaa aproni ya marehemu baba yangu Salesio, aliyenifundisha ufundi kwa sababu hakujaliwa mtoto wa kiume na hakuona tatizo. Wengine waliliona. Jina langu ni Makandi, nina miaka thelathini na sita, na sijaolewa. Usinionee huruma bado. Ngoja kwanza nikwambie kuhusu Gachoki.

Gachoki ni mtu wa Kibugu, kule juu Embu kwenye majani chai, karibu na msitu. Ni afisa wa kilimo, ana miaka thelathini na miwili, na ana macho ambayo yakikutazama unasahau ulikuwa umekasirikia nini. Hapo ndipo nilipoponzwa. Kwa miaka mitatu amekuwa akiniambia, "Kandi, nipe muda kidogo nizungumze na mami." Mama yake hataki msichana wa Meru, tena aliyemzidi mwanawe umri. Hajawahi kuniona, wala mimi sijawahi kumwona. Muda nilimpa Gachoki, akautumia wote, na mazungumzo sikuyasikia.

Basi wiki iliyopita alinipigia simu, amechangamka kweli kweli.

"Kandi, nimekupatia mteja! Mama mmoja wa Runyenjes. Ana meza na viti sita, vya zamani, vyeusi tii. Ana wageni, kwa hivyo anataka vikwanguliwe haraka."

"Unamjua?"

"Namjua tu hivi hivi."

Jumatatu pikapu ikashusha mzigo. Jumanne nikajua amenidanganya.

Nilikuwa nimepaka dawa ya kubandua vanishi, nikangoja itoe malengelenge, kisha nikaingiza skrepa. Tabaka kadhaa zikatoka pamoja kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake, katikati ya meza, nikaona maua. Mtu alikuwa ametandika kitambaa cha kufuma juu ya vanishi mbichi, kitambaa kikanasa, na alipokivuta kikaacha alama zake zote, tundu kwa tundu, pamoja na nyuzi chache nyeupe zilizogandia humo humo. Nilicheka peke yangu. Halafu nikahesabu petali za yale maua, nikaacha kucheka. Kila ua lilikuwa na petali nane, isipokuwa moja la pembeni, ambalo lilikuwa na saba.

Nilikuwa na kitambaa kama hicho. Kilikuwa kimefunika redio yangu pale kwenye rafu. Gachoki aliniletea mwaka wa kwanza wa mapenzi yetu, akaniambia, "Mami ndiye hufuma hivi. Ua la pembeni hulikosea kila mara, na hakubali kulifumua." Wakati ule niliona ni zawadi ya mtu anayenipeleka kwao polepole. Sasa nilikiteremsha, nikakilaza juu ya zile alama. Vililingana kila kitu, hadi ile petali iliyokosekana.

Ningempigia simu. Ningemfokea mpaka asikie Kibugu nzima. Lakini nilikuwa nimechoka, na si meza iliyokuwa imenichosha. Nilirudisha kitambaa kwenye redio nikaendelea kukwangua.

Sasa Alhamisi hiyo mchana, kukiwa na manyunyu, nikasikia mtu anakunja mwavuli mlangoni.

"Hodi hapa! Fundi yuko?"

Alikuwa mama wa karibu miaka sitini, amevaa sweta ya zambarau na kilemba, raba zake zimeshika udongo mwekundu. Aliniangalia, nami nikamjua. Macho yalikuwa yale yale ya Gachoki.

"Karibu, mama. Fundi ni mimi."

"Wewe?"

"Ni mimi."

"Mwanamke?"

"Tangu nizaliwe, mama."

Akacheka. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Miaka mitatu nilikuwa nimemchora kichwani mwangu kama mtu asiyejua kucheka, na hapa alikuwa anacheka hadi mwavuli unamtoka.

"Mimi ni Nelius, wa Nyaga," akasema akivuta kiti nilichokuwa nimemaliza. "Hii meza ni yangu. Nimetoka Kibugu asubuhi nikasema wacha nijionee mwenyewe, juu huyu kijana wangu ananizungusha. Nikimuuliza fundi ni nani, ati ni mtu anajua kazi. Ni dereva wa pikapu amenielekeza hapa. Kumbe aliogopa nikisikia ni msichana nitakataa."

"Labda aliogopa, mama."

"Na singekataa." Alipitisha kiganja kwenye mgongo wa kiti, taratibu, akakirudisha tena. "Ngai! Hii ni mbao gani, mwari?"

"Ni muuru. Si ni kiti chako?"

"Ni changu. Lakini sijawahi kukiona."

Mbao za muuru zina rangi ya asali ukizifikia, na nyuzi zake hupinda taratibu. Nelius alikaa akikitazama kile kiti kana kwamba kimerudi kutoka safari ndefu. Nikajikuta ninampenda kidogo, na nikajichukia kwa kumpenda. Kisha akainuka akaiendea meza, akasimama ghafla.

"Umeifikia," akasema.

Katikati ya meza, chini kabisa ya tabaka zote, palikuwa na alama ya pasi. Nyeusi, imechongoka mbele, imezama kwenye mbao.

"Ilikuwa chini kabisa," nikamwambia. "Naweza kuiranda, lakini meza itabonyea hapo katikati. Ama nipake rangi ya giza tena, isionekane."

Aliigusa kwa kidole kimoja.

"Mimi si mtu wa Kibugu," akasema. "Mimi nimezaliwa Kiritiri, kule Mbeere, kwa jua na makaa. Nyaga alinioa nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaja huko kwa baridi, kwa watu wa chai. Krismasi yangu ya kwanza, asubuhi, shati lake la kanisa lilikuwa bichi. Huko nguo hazikauki. Nikatandika blanketi kwa hii meza nikapiga pasi, ile ya makaa. Maziwa nayo yakaanza kumwagika jikoni. Nikakimbia, pasi nikaiacha hapo."

"Pole, mama."

"Ngoja. Meza ilikuwa ya mama mkwe, alitengenezewa na baba yake. Na wageni hao, wanakuja kwa njia! Nikachukua vanishi ya mlango, nikapaka mbio mbio. Nikatandika kitambaa changu juu."

"Kikanasa."

"Kikanasa!" Akanigeukia. "Umejuaje?"

"Nilikuta maua, mama."

Tulicheka sote wawili, yeye akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Ila alipomaliza kucheka aliendelea kujifuta.

"Mama mkwe alikivuta siku hiyo hiyo, mbele ya wageni wote. Akasema, 'Nyaga ameenda Mbeere akaniletea makaa kwa nyumba.' Kuanzia hapo aliniita Makaa. Kwa shamba, kwa kanisa, mbele ya watoto wangu. Miaka kumi na saba, mpaka akafa. Hakuwahi kuniita Nelius hata siku moja. Na mimi kila Krismasi nikawa napaka."

Nilimpa chai ya chupa, akapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Sasa hayo yamepita," akasema. "Fanya iwe safi, kama za siku hizi. Jumamosi wazazi wa Carol wanakuja."

"Carol ni nani, mama?"

"Mwalimu, hapo kwetu. Msichana wa kanisa, mpole. Gachoki wangu ni wa kuvutwa mkono, usipomvuta hasongi. Na alikuwa ameshikwa na mmoja wa huku kwenu, amemzidi miaka minne mizima! Nikasema hapana. Ati anafanya kazi kwa ofisi ya bima."

"Ofisi ya bima?"

"Ndivyo anasema."

Skrepa ilinitoka mkononi ikaanguka sakafuni. Nilijua nimefichwa. Hilo nilikuwa nimelizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana. Sikujua kwamba huko nilikofichwa nilikuwa nimepewa kazi nyingine na mikono mingine, misafi, isiyonuka dawa. Iliniuma kuliko habari za Carol. Nilikuwa na maneno mdomoni tayari, *ni mimi, mama, ni mimi huyo*, lakini nikayameza. Nilitaka mwenyewe ndiye ayaseme.

Na mwenyewe akaja. Pikipiki ilisimama nje kwa kishindo, Gachoki akaingia amelowa, anahema.

"Mami! Mbona hushiki simu?"

Halafu akaniona nimesimama na mama yake, tumeshika vikombe. Alinitazama jinsi anavyonitazama siku zote, mpaka ndani. Hata hapo, hata nikiwa na hasira ya miaka mitatu, nilitaka kumpangusa mvua usoni. Mapenzi hayana adabu.

"Simu iko kwa mkoba," mama yake akasema. "Kuja uone kazi. Mbona hukuniambia fundi ni msichana? Mnajuana?"

"Mwambie," nikasema. "Mwambie mama, Gachoki. Mimi ni nani?"

Manyunyu yaligonga mabati. Nikampa muda, kama kawaida yangu. Moyoni nilikuwa ninamwombea, kweli ninamwombea, aseme neno moja tu.

"Mami, huyu ni..." Alitazama chini. "Ni fundi. Ni fundi mzuri sana."

Nilitingisha kichwa. Niliinama nikaokota skrepa.

"Asante," nikasema. "Meza itakuwa tayari kesho jioni. Mlete pikapu."

"Kandi..."

"Mlete na turubai. Kuna mvua."

Nilipiga magoti nikaanza kukwangua mguu wa meza. Nilijua nikisimama nitalia, na sikutaka kulia mbele ya mtu aliyenikana mchana kweupe. Nelius alitutazama mmoja baada ya mwingine. Hakuwa mjinga. Mtu aliyeishi miaka kumi na saba na mama mkwe wa aina ile hujua kusoma nyuso. Aliufuata mwavuli wake, ambao nilikuwa nimeutundika kando ya rafu. Hapo akasimama.

Nikamsikia anahesabu kwa sauti ya chini. Moja, mbili, tatu. Alifika saba, akanyamaza.

"Gachoki."

"Eeh, mami."

"Hiki kitambaa changu uliniambia kilipeperushwa na upepo kutoka kwa kamba."

Gachoki alitazama mlango.

"Nilikitafuta siku mbili. Nikaenda mpaka kwa shamba ya jirani." Alikishika kile kitambaa, akanigeukia. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ofisi ya bima," akasema.

"Mami, nilitaka upende kazi yake kwanza," Gachoki akasema haraka haraka. "Nilijua ukiona mikono yake vile inafanya, utampenda. Halafu ndiyo nikuambie. Nilikuwa napanga!"

"Mikono yangu ina mwenyewe, Gachoki," nikasema. Sikupaza sauti, sikuwa nayo. "Umenitumia meza ya mama yako. Nimeivunjikia mgongo siku nne, ili Jumamosi wazazi wa Carol waiwekee vikombe?"

"Mambo ya Carol sikuyajua!"

"Nilikuambia Jumapili," mama yake akasema.

"Nilidhani nitapata njia," akasema Gachoki, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, macho yake hayakumsaidia.

Nelius alirudi akaketi kwenye kiti cha muuru, kitambaa mapajani. Alionekana amechoka kama mimi.

"Wewe ulijua lini kwamba meza ni yangu?"

"Jumanne, mama. Nilipoona lile ua."

"Na ukaendelea kukwangua."

"Meza haijanikosea."

Kisha simu yake ikalia mkobani, akaichomoa. Sauti ya mwanamke ilisikika mpaka nilipokuwa, ikiuliza habari za mchele, sufuria na viti vya kukodi.

"Ruguru," Nelius akamkatiza, "wifi yangu, hebu sikia. Waambie kina Carol wasijisumbue Jumamosi. Hapana, mimi si mgonjwa. Niko Nkubu." Akanitazama. "Niko kwa Makandi."

Akakata simu.

"Ndilo jina lako, sivyo?" akaniuliza. "Alilitaja mara moja tu. Nilimwambia asilitaje kwangu tena, na mimi mwenyewe nikawa nasema 'yule wa Meru'. Miaka mitatu." Alikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua. "Sijasema nimekubali. Umri ni ule ule, na sijui watu wa kwenu wakoje. Lakini una jina, na nimekataa kulisema, na mimi najua hiyo kitu inauma vipi. Nisamehe, Makandi."

Hapo ndipo nililia. Nililia vibaya, nikiwa nimepiga magoti, nikajifuta kwa aproni yenye dawa, macho yakawaka moto, nikalia zaidi. Gachoki alipiga hatua kuja kunishika.

"Wewe simama hapo hapo," nikamwambia.

Akasimama.

"Unanipenda?"

"Unajua nakupenda, Kandi. Nakupenda mpaka naogopa."

"Kiti cha sita hakijaguswa. Chukua ile skrepa, chukua glavu, ukae nacho hapo nje."

Aligeuka akatazama nje. Ilikuwa siku ya soko. Watu walikuwa wakipita barabarani na mizigo yao.

"Hapo kando ya barabara?"

"Hapo hapo. Pana mabati, hutalowa."

Nilidhani ataomba muda. Nilikuwa nimeshajiandaa kumwambia umekwisha. Alimtazama mama yake, naye mama akashughulika na chai yake. Gachoki akavua koti la kazi, akakunja mikono ya shati, akabeba kile kiti cheusi mpaka nje, akaketi juu ya gogo na kukiweka katikati ya magoti.

Haikuchukua nusu saa. Tulikuwa ndani, mimi napiga msasa na Nelius anapangusa vumbi bila kuambiwa, tuliposikia sauti ya mwanamume.

"Gachoki! Si ni wewe? Umeacha kilimo?"

"Huyo ni Adrian," Nelius akaninong'oneza. "Anafanya naye kazi. Kila kitu akijua, Kibugu wanajua jioni."

Mikono yetu ikasimama. Skrepa ya nje nayo ikasimama.

"Sijaacha," Gachoki akasema. "Namsaidia mchumba wangu."

"Mchumba? Yupi?"

"Makandi. Yuko hapo ndani. Hiki kibanda ni chake. Ni fundi."

Aliyatoa maneno hayo kwa sauti ya mtu anayeumwa jino, lakini aliyatoa.

"Sikusikia!" nikaita kutoka ndani.

Kisha Gachoki akapumua kwa nguvu, akasema tena, mpaka mama wa ndizi ng'ambo ya barabara akageuka. Nelius aliziba mdomo kwa kile kitambaa, mabega yakimtikisika.

Sikumsamehe siku hiyo. Miaka mitatu haibanduki kwa mpako mmoja wa dawa, na mimi ndiye ninayejua zaidi ya wote. Lakini nilisikia jina langu likisemwa barabarani, na likakaa.

"Na hii, mama?" nikamuuliza Nelius, nikionyesha alama ya pasi. "Niirande ama niipake giza?"

Aliweka kiganja chake juu yake. Kiliifunika karibu yote.

"Iache," akasema. "Na hicho kitambaa kirudishe kwa redio yako. Sitandiki kitu hapo tena."

Nikachukua msasa laini nikaendelea. Vidole bado vilikataa kujikunja, na nje Gachoki alikuwa anakwangua kinyume na nyuzi za mbao. Nilimwacha kwanza.